Kangomba ya Magurudumu Mawili: Baiskeli Yangu ya Umeme na Swali la Kijiweni Mkuti



Wiki iliyopita nimesimama kijiweni pale Mkuti, hapa Masasi mjini, nasubiri mvua ipungue. Mwamba mmoja wa bodaboda akanitazama, akaitazama baiskeli yangu, akacheka hadi akalalia tanki la Boxer yake. "Dada, baiskeli ya umeme Masasi? Umeme wenyewe uko wapi?" Kijiwe kizima kikaangua kicheko. Na aliyecheka kuliko wote ni kada mwenzetu, mwenye kadi na fulana ya chama kabisa.

Nikacheka nao. Ningefanyaje? Lakini njiani nikawa nalitafuna lile swali. Umeme uko wapi? Hilo ni swali zuri kuliko hotuba nyingi nilizosikia jukwaani, zetu na zao. Shida yetu ni kwamba tunaliuliza kwa kucheka, tukimaliza kucheka tunapiga kiki pikipiki tunaenda kununua petroli. Leo naomba tuliulize tukiwa tumekunja ndita. Mimi nimeendesha hii baiskeli mwaka na nusu sasa, kwa hiyo siongei ya kuambiwa.

HESABU KWANZA

Naishi kijiji kimoja nje ya mji, kilomita 14 kutoka sokoni. Nauza kwenye duka la dawa muhimu. Naenda na kurudi siku 26 kwa mwezi: kilomita 28 kwa siku, 728 kwa mwezi. Zamani nilikuwa napanda boda. Buku mbili kwenda, buku mbili kurudi, na ukifunga duka saa mbili usiku bei inabadilika kutegemea na giza. Tuweke buku nne tu kwa siku. Hiyo ni 104,000 kwa mwezi. Mshahara wa duka la dawa la mtaani mnaujua, sina haja ya kujianika.

Nikaamua kununua baiskeli ya umeme, mtumba, kutoka Dar, kwa 950,000. Hela ilitoka kwenye korosho za mama. Mjomba alipinga mpaka mwisho. Akaniambia, "Mpwa wangu, hela ya korosho hainunui mdoli." Nikamjibu kwa heshima zote, "Mjomba, naomba unipe msimu mmoja tu."

Haina maajabu. Ina mota ya wati 350 kwenye gurudumu la nyuma, na betri ya volti 48 yenye amp-saa 15. Pedali zipo, na kwenye mlima unakanyaga, usijidanganye kwamba umenunua ndege. Ikijaa kabisa inakuwa imekula uniti moja ya LUKU au pungufu kidogo. Kwa bei ya kawaida, shilingi 10,000 inakupa uniti kama 28, yaani uniti moja ni shilingi 350 na kitu. Kwa hiyo kujaza betri ni kama shilingi 300. Kwa 300 hiyo natembea kilomita 36 hivi, mimi na mkoba wangu na wakati mwingine kilo tano za mchele.

Piga hesabu ya mwezi: uniti 17, shilingi 6,000 na ushei.

Sasa nisiwadanganye kama wale jamaa wa majukwaani wanaotaja faida wakaficha hasara. Betri ile ya mtumba ilikufa baada ya miezi mitano. Nikaagiza mpya, 480,000. Hela ile iliniuma, nakiri. Betri nzuri ukiitunza, usiianike juani na usiiache ikauke kabisa, inavumilia mamia ya kuchajiwa. Tuseme itanifaa miaka miwili tu. Hiyo ni 20,000 kwa mwezi. Ongeza tairi, breki na spoku, weka 8,000. Jumla ya yote haifiki 35,000. Kutoka 104,000! Inabaki kama 70,000 kila mwezi mfukoni kwa binti wa duka la dawa. Kwa mwaka ni 840,000.

Na ukisema "nunua pikipiki yako mwenyewe", sawa. Kwa kilomita 728, pikipiki inayokwenda kilomita 40 kwa lita inakunywa lita 18. Tuseme lita ya petroli ni shilingi 3,000. Hiyo ni 54,000 kabla hujamwaga oili. Na kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA wanapotangaza bei mpya, roho mkononi, utadhani unasubiri matokeo ya mtihani.

KANGOMBA

Wasomaji wa mikoa mingine, naomba niwaeleze neno moja la huku kwetu. Kangomba ni pale mtu anapokuja kwako miezi ya njaa, kabla ya msimu, anakupa vihela kidogo au unga wa kula, halafu korosho zikianguka anazizoa kwa kipimo chake yeye na kwa bei yake yeye. Mkulima anabaki na shamba, anabaki na jasho, ila mavuno ni ya mwingine.

Mwaka 2018, wanunuzi walipoleta bei ndogo kwenye mnada, Serikali ilitangaza kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na magari ya jeshi yakaja kubeba magunia. Kangomba wakatangazwa kuwa wahalifu. Tunakumbuka pia wazee waliosubiri malipo miezi na miezi, lakini hiyo tuiache kwa leo.

Ninachouliza ni hiki: kangomba ya korosho inakemewa, mbona kangomba ya pikipiki haisemwi na mtu?

Kijana mmoja ninayemfahamu, wa hapa hapa mjini, yuko kwenye mkataba. Kila siku analeta hesabu ya 10,000 kwa tajiri. Mvua inyeshe, awe anaumwa, afiwe, hesabu ni hesabu. Mkataba ni siku 450. Zidisha mwenyewe: 4,500,000 kwa pikipiki ambayo siku anakabidhiwa ilikuwa 2,900,000 dukani. Akichelewa wiki mbili, inachukuliwa na alicholipa kimeliwa. Akimaliza mkataba, pikipiki imechoka, injini inatoa moshi, na yeye mgongo umekwisha. Anaingia mkataba mwingine.

Huyo ni mkulima aliyeuzwa kabla ya msimu. Tofauti ni kwamba shamba lake lina magurudumu mawili.

Ndiyo maana nasema baiskeli yangu si mdoli, na wala si mambo ya Wazungu na hali ya hewa. Mimi sikununua ili kuokoa barafu ya ncha ya kaskazini, ingawa sina ugomvi na barafu. Nilinunua ili kila asubuhi nisianze siku nikiwa na deni la mtu.

UMEME WENYEWE UKO WAPI?

Turudi kwenye swali la kijiweni, maana aliyeuliza hakukosea.

Kuna wiki umeme ulikatika kijijini kwetu siku tatu. Siku ya kwanza nilikwenda na betri nusu. Siku ya pili ikazimika nikiwa nimebakiza kilomita sita, giza limeshaingia. Baiskeli ile ina uzito wa kilo karibu 30, na sehemu ile ya njia ni mchanga mtupu. Nimeisukuma saa nzima na zaidi, simu mdomoni kwa ajili ya tochi, nikisikia kila jani linalotikisika. Msichana peke yake, barabara ya mikorosho, saa tatu usiku. Siku ya tatu nimepanda boda kwa 6,000 kwenda na kurudi. Faida ya siku kadhaa imekwenda siku moja.

Nimejifunza. Sasa nachaji kazini kila ninapoweza, na tajiri wangu namkatia chake. Lakini kwa nini mimi nijipange kama askari wa msituni ili kupata uniti moja ya umeme, wakati niko mkoa wa Mtwara?

Mtwara, makamanda! Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982. Mwaka 2013 watu wa mkoa huu waliandamana, wengine wakapoteza maisha, na Masasi yetu ikaungua Januari ile, kwa sababu watu waliuliza: gesi ikienda Dar, sisi tunabaki na nini? Wengi wetu tulikuwa watoto wa shule. Bomba likajengwa, zaidi ya kilomita 500 hadi Dar es Salaam, na mwaka 2015 likazinduliwa kwa shangwe. Wakati huo huo, kwa miaka mingi, Mtwara na Lindi hatukuwa hata kwenye gridi ya Taifa. Tulitegemea mitambo yetu ya pale Mtwara mjini. Mtambo ukikohoa, Masasi giza, Newala giza.

Nisije nikaambiwa sioni mema. Bwawa la Mwalimu Nyerere pale Rufiji lina megawati 2,115, mtambo wa kwanza uliwashwa Februari 2024, na mimi nalisifu. Mradi wa njia ya kilovolti 220 kutoka Songea kupitia Tunduru hadi Masasi nao nauunga mkono kwa mikono miwili. Hakuna mpinzani mwenye akili anayepinga nguzo ya umeme. Lakini megawati hazipandi baiskeli. Mimi nachaji kwa ule waya mwembamba unaotoka kwenye transfoma ya kijiji, na huo ndio unaolala siku tatu bila mtu kusema neno. Uzinduzi hupimwa kwa megawati. Mwananchi anapima kwa saa alizokaa gizani.

Na msimu wa kampeni tunagawiwa mitungi midogo ya gesi ya kupikia, tunaambiwa hiyo ndiyo nishati safi. Gesi ya kwenye mtungi imekuja na meli kutoka nje. Ya kwetu iko chini ya miguu yetu, imepita kwenye bomba, imekwenda zake. Halafu chawa wanatuambia tupige makofi.

UKIFANYA KAZI UNAITWA TAJIRI

Hili ndilo linaloniuma zaidi, na wengi hawalijui, kwa hiyo lisomeni taratibu.

Kwenye umeme wa nyumbani kuna bei ya mtumiaji mdogo: shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, mradi usivuke uniti 75 kwa mwezi. Ukivuka, zinazozidi ni 350. Nia yake ni njema: mnyonge apate taa na redio kwa bei ndogo. Mimi na baiskeli yangu ya uniti 17 nimo humo, nashukuru.

Sasa mchukue yule kijana wa mkataba. Tuseme amepata pikipiki ya umeme. Pikipiki ya umeme inakula kama uniti 3 hadi 4 kwa kilomita 100. Bodaboda anayekimbia kilomita 120 kwa siku anahitaji kama uniti nne. Kwa siku 26 ni uniti 104, bado hujawasha taa ya sebuleni. Tayari amevuka mstari. Hajanunua friji, hajafunga kiyoyozi, hajawa bosi. Amechaji ili akafanye kazi, na bei inamhesabu kama mwenye nazo.

Mfumo huo uliandikwa wakati mnyonge anawasha taa tu. Leo mnyonge anaweza kuendesha kwa umeme, na mfumo haujamwona.

Wenzetu wameona. Kenya mwaka 2023 waliweka bei maalumu ya umeme kwa vyombo vya usafiri vya umeme: shilingi 16 zao kwa uniti, na nusu ya hapo saa ambazo matumizi ni madogo, yaani usiku wakati bodaboda amelala na pikipiki inachaji. Rwanda mwaka 2021 walifuta VAT na ushuru kwa vyombo vya umeme, na kuanzia Januari 2025 Kigali hawasajili tena pikipiki mpya za petroli kwa kazi ya kubeba abiria. Rwanda haina bahari, haina Mnazi Bay. Walichokuwa nacho ni uamuzi.

Ila na huko tusikope kila kitu macho yamefumbwa. Kuna mfumo wa kubadilishana betri: unafika kituoni, unaacha iliyoisha, unachukua iliyojaa, dakika mbili umeondoka. Ni rahisi na ni haraka, sikatai. Lakini betri si yako. Pikipiki bila betri ni chuma cha kuanikia nguo. Mwenye betri ndiye mwenye pikipiki, na bei ya kesho anaipanga yeye. Hapo nanusa kangomba mpya, safari hii iko kwenye programu ya simu. Ikija Masasi, na itakuja, swali letu la kwanza liwe: dereva atamiliki nini?

NA SISI WENYEWE

Sasa nawageukia makamanda waliocheka.

Kejeli si sera. Tumezoea kwamba Serikali ikisema umeme sisi tunasema giza, tukishasema giza tunajiona tumefanya siasa. Yule mwamba wa Boxer kesho yake alinifuata dukani, akanunua panadol, akazungukazunguka, mwisho akauliza kwa sauti ya chini, "Dada, hivi ile betri bei gani?" Yeye aliuliza bei. Kada wetu bado anacheka. Nani hapo anawakilisha wananchi?

Tukisubiri kila kitu kiwe sawa ndipo tuanze, tutasubiri na wajukuu. Baiskeli hii imenifundisha kudai. Zamani umeme ukikatika nilikuwa nawasha kibatari nalala. Sasa umeme ukikatika ni nauli yangu imekatwa, kwa hiyo nakwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, naandika tarehe na saa kwenye daftari, nauliza. Watu mia wenye daftari kama langu ni hatari kuliko mkutano wa hadhara wenye spika kubwa.

TUNACHODAI

Kwanza, bei maalumu ya umeme kwa anayechajia chombo cha kazi, hasa usiku. Mtu asiadhibiwe kwa kuvuka uniti 75 akiwa anatafuta riziki.

Pili, betri ya kipuri ya baiskeli na pikipiki ya umeme isitozwe VAT ya asilimia 18. Betri ndiyo moyo wa chombo. Ukiitoza moyo, umemuua mgonjwa. Na zipatikane huku Kusini. Mei 2024 mvua na kimbunga Hidaya vilipokata barabara eneo la Somanga, betri yangu ilikuwa upande wa pili. Nilirudi kwenye boda mpaka barabara ilipofunguliwa.

Tatu, ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ambayo vijana tuna asilimia 4 yetu kwa mujibu wa sheria. Ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024. Ikanunue vyombo ambavyo kijana anavimiliki tangu siku ya kwanza, marejesho yawe kwa mwezi, na kama analetewa hesabu ya kila siku basi hiyo si mikopo ya vijana, ni tajiri mwingine mwenye muhuri.

Nne, saa za kukatika umeme zitangazwe kwa kila kijiji. Zitajwe, zibandikwe ofisi ya kata, kama bei ya korosho inavyobandikwa AMCOS.

Hakuna hata moja kati ya hayo manne linalohitaji mwekezaji, kongamano wala safari ya kwenda kujifunza Ulaya.

Kazi ya wiki hii ni ndogo. Kila mmoja wetu wa Masasi, Newala, Tandahimba, Nanyumbu, achukue daftari. Aandike siku umeme ulipokatika na uliporudi. Aandike hesabu anayompelekea tajiri na bei ya dukani ya pikipiki ile ile. Mwisho wa mwezi tunakwenda nayo kwa diwani, awe wetu awe wao, tunamwomba aisome kwenye baraza. Akikataa kuisoma, tutaisoma wenyewe kijiweni.

Mjomba, kwa taarifa yenu, siku hizi kila Jumamosi anaazima "mdoli" kwenda nao AMCOS. Hajasema alikosea. Anachouliza ni moja tu: "Imejaa chaji?"

Nami ndilo swali langu kwa Serikali.

Mwandishi ni mwanachama wa jumuiya ya vijana, Masasi.